Pampu Niliyokuandalia Kila Ijumaa

Kwako Baba,

Arobaini yako tuliisoma juzi, na pilau ilitosha. Nakuambia hilo kwa sababu najua ungeuliza. Ami Hamisi, nduguyo, alikula sahani mbili, akanawa, kisha akanivuta kando akaniuliza kwa mara ya nne tangu tukuzike: "Ushamsamehe babako?" Sikumjibu. Nimeona nikujibu wewe, tena hadharani, maana siku nilipokunyima radhi nilikunyima mbele za watu na Kisauni nzima ilipata habari. Basi na haya wayasikie.

Wapo wasioyajua yetu, kwa hivyo wacha nianze na gari. Ulilinunua kwa Muhindi mmoja wa Changamwe aliyekuwa akihamia Ulaya, wewe ukiwa fundi katika gereji alikokuwa akilipeleka. Lilikuwa la milango miwili, rangi ya chungwa, nambari za mashindano zingali ubavuni, na likiwashwa vikombe vilitetemeka kabatini. Nilikuwa na miaka minane. Siku ya kwanza ulitupeleka Mtwapa na kurudi, mimi nimepakatwa na Mama kiti cha mbele, leso yake inapepea dirishani, naye anakupiga begani huku akicheka. "Bwana we, watuua! Punguza!" Hukupunguza. Sikumwona tena akicheka vile, na sitaki kukuongopea, siku ile nilikupenda mpaka nikaona haya.

Kisha ukasikia kwamba kiwanda kimeacha kulitengeneza. Hapo ndipo wazimu ulipokuingia. Ukawa huna habari nyingine ila spea. Ulizipata kwa mabaharia bandarini, ulizipata kwa maduka yaliyokuwa yakifungwa mjini, ulizipata kwa watu wa Nairobi usiowajua hata jina. Chumba cha kati, kilichokuwa kiwe changu, kikajaa pistoni, gasketi, klachi na beringi, na kioo cha mbele kilichofunikwa blanketi la Mama. Vyote jenuini, vyote katika maboksi ya kiwandani na lakiri zake. Ukaezeka mabati juu ya chumba kile peke yake, sisi tukabaki chini ya makuti yaliyovuja. Mama alikuwa na pumu na harufu ya grisi ilikuwa ikimkaba. Aliposema, ulimwambia afungue dirisha.

Na hukufunga hata kimoja! Hilo ndilo lililowachekesha majirani. Kitu kikiharibika garini, ulipanda baiskeli ukaenda kuzengea magari mabovu mpaka Miritini utafute kikuukuu, na kipya chake kimelala nyumbani juu ya godoro. "Hiki kipya ni cha siku ya shida, mwanangu," ulikuwa ukiniambia. "Hakipatikani tena duniani hiki." Mimi najibu, "Abee, Baba," nachukua kitambaa changu. Kufuta vumbi ilikuwa kazi yangu, na ufunguo wa chumba ulikaa shingoni mwangu. Gari nalo likawa linasimama miezi kwa miezi juu ya mawe, kuku wanataga ndani yake.

Siku ya shida ikaja. Ilikuwa asubuhi, wakati wa masika, mimi nina miaka kumi na sita. Kifua cha Mama kilifunga ghafla, midomo ikawa rangi ya majivu. Gari lilikuwa limekufa pampu ya petroli wiki ile ile. Pampu mpya unayo, uliinunua kwa baharia, imo katika boksi dogo lisilozidi tofali. Ulimtazama Mama, kisha ukautazama mlango wa chumba cha kati. Nilikuona, Baba. Halafu ukakamata baiskeli. "Iko ya kale kwa jamaa mmoja Kongowea. Narudi sasa hivi. Mtu asiguse kitu!"

Fundi Karisa, jirani yetu, alisikia vilio akaja mbio na spana mkononi. "Nipa hiyo pampu, mwanangu. Dakika ishirini tu, gari lawaka." Ufunguo u shingoni mwangu. Nikamwambia, "Baba amekataza." Alinitazama, akaitupa spana mchangani, akakimbilia barabara ya Malindi kutafuta gari la kuomba. Mama alinishika mkono. "Babako yuwaja?" Nikamwambia yuwaja. Akafa kabla Karisa hajarudi na pikapu. Wewe uliingia baada yao, grisi hadi viwikoni, pampu kuukuu imefungwa kwa gazeti, na ukaiweka chini polepole kana kwamba mle ndani kuna mtu amelala.

Tangu siku hiyo hukununua tena spea wala hukukanyaga chumba kile. Aliyeendelea kufuta vumbi ni mimi. Matanga yalipokwisha, Ijumaa ya kwanza, ulirudi msikitini ukakuta nimekutandikia mkeka. Wali wako upo, samaki wa kupaka yupo, maji ya kunawa yapo, na kando ya sahani nimeweka boksi la pampu. "Karibu chakula, Baba." Nilidhani utanirushia, na nilitaka unirushie. Ulinawa ukala.

Miaka saba, kila Ijumaa. Niliwakataa wachumba wawili nisije nikakosa hata moja. Akija mgeni, boksi lipo vile vile, naye anadhani ni dawa zako. Wanawake wa mtaa wakinisifu: binti gani huyu, amtunza babake kama yai! Nami naitikia, nashukuru. Mara moja tu ulisema, "Liondoe leo, mwanangu, naumwa." Nikakuongezea mchuzi. Na nilifurahi, Baba. Wacha niseme kweli maana nimeshaanza. Nilikuwa nikikaa pale mlangoni nikitazama tonge likikushuka kwa shida, na moyo wangu unapoa.

Ukaugua. Siku yako ya mwisho chumba kilijaa watu, Ami Hamisi kichwani pako, wasomaji wa Yasini ukutani. Ukaniita. "Lile boksi. Ningalilifungua, mamako angalikuwako. Niwie radhi, mwanangu." Nikanyamaza. Ukarudia. Nikanyamaza. Mara ya tatu hukutoa sauti, midomo tu. Nikakujibu kwa sauti iliyofika uani: "Radhi kaziombe spea zako." Mtu mmoja akasema astaghafirullahi. Wewe ukageukia ukutani, na kabla ya alasiri ukawa umekwenda.

Jana alikuja mtu kutoka Nairobi, afufuaye magari ya zamani. Alilitaka gari pamoja na chumba kizima. Mimi spea sizijui ila kuzipangusa, kwa hivyo nikamwita Fundi Karisa anisimamie. Mgeni akataka kila boksi lifunguliwe aone. Tulipofika kwenye la pampu, nikasema hili nafungua mwenyewe. Lakiri ilibanduka kwa ukucha. Ndani mlikuwa na pampu mpya, inang'aa, imeviringishwa karatasi ya mafuta. Karisa akaipokea, akaigeuza, akaenda nayo mpaka kwenye gari, akainama. Alikaa huko muda.

"Hii si yake," akasema.

"Si yake vipi?"

"Boksi ndilo lake. Pampu ni ya gari jingine. Matundu ya boliti hayakutani, na huu mkono haufiki ndani. Mzee aliuziwa mbuzi kwenye gunia." Akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hata ungalinipa siku ile, mwanangu, nisingaliweza kuifunga."

Mgeni aliiweka kando na zile zisizotakiwa, akaomba boksi la pili.

Sikusafishi. Ulimtazama mkeo anakata roho ukautazama mlango wa spea, na hilo haliondoki. Lakini pampu ya Kongowea ndiyo iliyokuwa ikifaa, wewe ulikuwa umeifuata kwa baiskeli, na hukulijua hilo. Umekufa ukiamini umemuua Mama. Mimi nimekuaminisha hivyo kila Ijumaa kwa miaka saba, na boksi lenyewe liko mbele yetu, karatasi tu, ningeweza kulichana kwa kidole, nawe fundi ukaona kuwa pampu si yake, ukala chakula chako kwa amani. Sikulifungua kwa sababu sikutaka kitu chochote kilichomo humo isipokuwa kukutesa. Na tena ilinifaa hivyo. Muda wote macho yakiwa juu yako, hakuna aliyeuliza ufunguo ulikuwa shingoni mwa nani.

Ami Hamisi amekuja tena asubuhi hii. Nimemwambia naam, nimemsamehe Baba. Amefurahi mno, amenishika kichwa, amesema sasa mzee atapumzika, akaenda zake kuwapa watu habari.

Sikumwambia lililobaki. Wewe uliniomba mara tatu, na mwenye kukujibu alikuwa ameketi hapo, mzima, masikio yake yanasikia. Mimi tangu jana nakuomba. Nakuomba nikichota maji, nakuomba nikipepeta mchele. Nasema, "Niwie radhi, Baba," kisha nanyamaza kidogo, kama anavyonyamaza mtoto akimwomba mtu mzima, ili ampe nafasi ya kujibu.

Nakuaga ila siondoki.

Mwanao wa pekee,
Kisauni.