Huria Siyo Bure

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Najua ungeitikia huku mikono ikiendelea kukunja vitenge, maana mteja hasubirishwi.

Leo nimekumbuka kile kikao cha wazazi shuleni kwetu Mchafukoge, miaka ile soko huria limepamba moto. Kampuni moja ilitaka kutupatia kompyuta mpya, kwa sharti tufundishe programu zake peke yake, na baadaye tulipie leseni kila mwaka. Mimi, mwalimu mgeni wa kompyuta, nilitaka tukarabati kompyuta zetu za mitumba tuweke programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kumgawia mwenzake. Wazazi wangenikatalia, watoto wangefungwa kwenye mlango wa duka moja.

Nikasimama nikasema, "Wazazi wangu, hizi programu ni za bure."

Mungu wangu! Watu wakaguna. "Yaani mwanangu ajifunzie vya bure?" Nikajitetea kwamba ni huria. Mzee mmoja muuza redio akadakia, "Huria kama soko huria? Si ndilo lililotujazia feki?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo ukainuka. Ulikuja kwa ajili ya mjukuu wako tu, maana ualimu wangu hukuutaka. Ulitaka nikae dukani nawe. Ukasema, "Jamani, mimi Mama Moshi nikikuuzia kitenge, nakuchagulia fundi? Nakukataza usikipunguze, usimkatie jirani kipande? Sasa huyu anayeuza kitambaa halafu anabaki na mkasi, ni biashara gani hiyo?"

Mzee wa redio alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Tukapita.

Nilifurahi, Mama, ila nilijiambia umetetea biashara, hukunitetea mimi. Ualimu wangu hukuusifia hata siku moja.

Baadaye ulipita shuleni kuniletea ndizi. Wanafunzi walikuwa wameshatafsiri menyu kwa Kiswahili, kwa kuwa programu zile zilituruhusu. Ukakaa, ukachapa kwa kidole kimoja, ukabonyeza Hifadhi bila kumuuliza mtu, ukawahi dukani. Nilikuwa na kipindi, sikuangalia ulichoandika.

Leo tulikuwa tunahamisha mafaili ya zamani, nikakutana na lako. Limefunguka vizuri tu, halikudai leseni ya mtu. Mstari mmoja, herufi kubwa tupu:

MWALIMU WA HAPA NI MWANANGU MIMI

Nimelia, nimecheka, nimewaita wanafunzi waje wasome. Pumzika, Mama. Duka analo wifi yangu, na limechangamka.

Ni mimi mwanao,
Mwalimu wa hapa