Kunguru Wanaoshikilia Ufalme

Mama mpenzi, nakushika miguu nikiwa nimelowa mvua.

Leo tulimpeleka Salma kwenye ngome ya wafalme wa zamani, ndiyo hiyo pichani. Mna kunguru wakubwa kama kuku. Mlinzi wa hapo alitwambia tangu zamani Waingereza huamini kunguru hao wakiondoka tu, ufalme utaanguka. Basi hupunguzwa manyoya ya bawa moja wasiende mbali. Baba Salma akacheka: "Kwetu ilikuwa kinyume. Sultani kaondoka, kunguru wote wamebaki!"

Salma naye akauliza kwa Kiingereza chake, "Lango liko wazi, mbona hawatoki kwa miguu?" Tukacheka sote. Mimi nikakukumbuka wewe. Kunguru akilia juu ya bati letu, huwa unaongeza tui chunguni, unasema, "Mgeni yuko njiani."

Mama, Idi hii sitakuja. Daktari amenikataza safari kwa ajili ya huyu aliye tumboni, na mimi najua ulishaanza kuwaambia majirani kuwa naja. Nisamehe, roho inaniuma. Kunguru akilia hapo, usinitilie tui, mchuzi utakubakia ukae kuutazama.

Ngoja Idi ya mwakani, inshallah. Hapo, hata kunguru asipolia, ongeza tui la watu wanne. Mmoja wao atakuwa bado hana meno, lakini mwekee sahani.

Nakubusu viganja vyote viwili.
Mwanao, Zuhura