Mhafidhina Aliyeziba Wikio

Leo ni Jumapili. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na imekatika sasa hivi, baada ya sala ya adhuhuri. Kuta za mtaa wetu hapa Mji Mkongwe zinanuka chokaa iliyorowa. Sijala kitu. Nimekaa mbele ya kompyuta niliyoachiwa na mwanangu, na ninaona haya kuandika.

Ninaliweka neno hilo mwanzo nisije nikalifunika kwa maelezo. Mimi ni hodari wa maelezo.

Wanaousoma ukurasa huu wanajua kwamba nilisomesha historia na uraia mpaka nilipostaafu, na kwamba kila Jumamosi asubuhi wanawake vijana kumi na wawili huja kwangu, katika sebule ya chini, tukasoma na kujadiliana. Huniita Mwalimu. Sipendi mtu achelewe, sipendi sentensi isiyokamilika, na sipendi hoja isiyo na mfano. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Mada ya jana niliichagua mwenyewe: uhafidhina ukilinganishwa na falsafa mbili ambazo vijana huzikuta kwenye simu zao, yaani ulibertari na Uobjektivisti. Wengi huzitia zote tatu katika kapu moja, kwa sababu zote huitilia shaka serikali inayotaka kuingia kila chumba, na zote hutetea haki ya mtu kumiliki mali yake. Nilitaka wanafunzi wangu wajue kuzitenganisha.

Nikaanza na uhafidhina, ambao ndio wangu. Nikawaambia kwamba mhafidhina humwona mtu kuwa amezaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Amekuta wazazi, dini, lugha na majirani. Hakuvichagua, na hata hivyo vina haki juu yake. Desturi iliyopita katika mikono ya vizazi vingi ina busara ambayo kichwa kimoja, hata kikiwa na akili namna gani, hakiwezi kuibuni kwa siku moja. Nikawapa mfano wa msiba. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kwenda kukaa na mfiwa, na hakuna anayelipwa, lakini watu huenda. Mhafidhina anataka watu waendelee kwenda.

Mlibertari, nikasema, yeye ana swali moja kubwa: je, kuna aliyelazimishwa? Ikiwa hakuna nguvu iliyotumika, wala wizi, wala udanganyifu, basi mtu mzima na afanye apendavyo na nafsi yake na mali yake. Kazi ya serikali ni kuzuia nguvu na kulinda mapatano, basi. Ama kwenda msibani au kutokwenda, falsafa hiyo haisemi kitu. Inakuachia wewe.

Mfuasi wa Uobjektivisti hanyamazi. Kwake, akili ndiyo mwongozo pekee, imani haina nafasi, na furaha ya mtu mwenyewe ndiyo lengo la juu la maisha yake. Kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine, kwa kuwa tu umeambiwa ni wajibu, kwake ni kosa. Ndiyo maana mlibertari anaweza kuwa Mwislamu anayesali sala tano, au Mkristo, au asiwe na dini kabisa, lakini Uobjektivisti unataka kichwa chako chote. Wengi katika wafuasi wake hukataa hata kuhesabiwa pamoja na walibertari.

Mpaka hapo nilisema kwa haki. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa nimekula.

Raya akanyanyua mkono. Raya ni mjukuu wa Bi Time, jirani yangu wa nyumba ya mkabala, na anafanya kazi katika ofisi ya wakili. Ana sauti ndogo na hoja kubwa.

"Mwalimu, mimi ulibertari haunitishi," alisema. "Wema wa kulazimishwa ni woga tu. Na mila nayo inalazimisha, ila haina polisi, ina midomo ya watu. Mtu akienda msibani kwa kuogopa kusemwa, amemfanyia nini mfiwa?"

Ilikuwa hoja nzuri. Wenzake waligeuka kumtazama, na mimi nikahisi darasa linaniponyoka. Sikumjibu hoja yake. Nilimjibu yeye.

"Watu wa falsafa yako, Raya, wangejenga mtaa ambao kila mmoja ana ukuta wake. Bibi yako yuko peke yake juu ghorofani sasa hivi. Utamwambia nini? Kwamba hukulazimishwa kumtazama?"

Wakacheka. Si wote, lakini walicheka.

Raya alinitazama, kisha akatazama dari, upande wa kichochoroni. Akasema, "Nimekusikia, Mwalimu," akainamia daftari lake.

Alikuwa na jibu. Hakulitoa.

Sasa niliseme jibu hilo mimi, kwa sababu kila mtu mtaani anajua nusu yake.

Baina ya nyumba yangu na ya Bi Time kuna wikio, yaani ile njia iliyojengwa kama daraja juu ya kichochoro, ikiunganisha ghorofa ya nyumba moja na ya nyingine. Zamani wanawake walipita humo kutembeleana bila ya kushuka barabarani. Wikio letu lilijengwa na babu yake Bi Time pamoja na babu wa marehemu mume wangu. Walipatana kila mmoja ajenge nusu yake na atie mlango wake, na milango ile isipigwe kufuli. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, mtu wa kwanza kunijia alikuwa Bi Time, akitokea ukutani na sinia ya mikate ya kumimina. Wanangu wawili walizaliwa yeye akiwa ameshika mkono wangu. Mwezi wa Ramadhani bakuli zilivuka pale zikiwa bado zinafuka moshi.

Miaka mitatu iliyopita nililiziba.

Niliwaambia watu kwamba boriti zimeoza na kwamba mtu angeweza kuanguka. Nilimleta fundi Makame, akapiga matofali upande wangu, akasakafia, akapaka chokaa. Nilipeleka pole kwa Bi Time kana kwamba tumefiwa sote.

Boriti hazikuwa zimeoza. Makame alizigonga moja moja kwa nyundo, akaniambia ni nzima. Nikamwambia azibe hivyo hivyo.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimestaafu, nilitaka utulivu na vitabu vyangu, na Bi Time alikuwa akiingia wakati wowote, bila hodi, na hadithi zake zisizo na nukta. Nilitaka nafsi yangu. Sikuthubutu kulisema hilo, basi nikazibebesha boriti lawama.

Mwaka jana mumewe alifariki. Bi Time alikaa eda miezi minne na siku kumi bila ya kutoka nje, kama ipasavyo. Kumfikia kulinibidi nishuke ngazi zangu zote, nivuke kichochoro, nipande ngazi zake. Katika muda wote huo nilikwenda mara mbili. Zamani zingekuwa hatua tisa.

Nami ndiye niliyewapa vijana mfano wa msiba.

Baada ya kikao jana, Raya alibaki nyuma akikunja mikeka, kama afanyavyo siku zote. Alisema bila ya kuniangalia, "Mwalimu, bibi anahamia Nungwi Alhamisi, kwa ami yangu. Nlitaka nikwambie mwenyewe, usije ukasikia njiani."

"Kwa nini? Amezaliwa nyumba ile."

"Miguu haimchukui tena ngazini. Mimi nnakwenda kazini, mchana hakuna wa kumchungulia."

Aliiweka mikeka pembeni, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Neno wikio hakulitaja. Mbele ya watu kumi na mmoja alikuwa na tofali la kunipiga nalo usoni, akaliweka chini. Hakuna aliyemlazimisha kunisitiri. Alichagua. Yule niliyemwita mtu wa kuta alinifanyia kwa hiari yake kile ambacho mimi, mlinzi wa mila, sikumfanyia bibi yake.

Tangu jana nimekuwa nikijipeleka mbele ya falsafa hizo tatu kama mtu anayetafuta kadhi wa kumpendelea. Uhafidhina umenikana mara moja. Kitu nilichokirithi nimekivunja na nikaficha. Nikakimbilia kwa walibertari, nikidhani huko angalau wataniambia ukuta ni wangu. Lakini wao huheshimu mapatano, na mapatano ya wazee wale mimi niliyavunja kwa uongo, nao udanganyifu huuweka jirani na wizi. Nikabakiwa na wale wa nafsi kwanza, ambao nimewasema vibaya maisha yangu yote. Hao nao hawanitaki. Mtu wao angemwendea Bi Time akamwambia waziwazi: ninataka saa zangu, usije asubuhi. Angekuwa mkavu, lakini hangetia uongo kwenye boriti. Mimi niliishi kwa nafsi yangu na nikadai thawabu za kuishi kwa ajili ya jirani.

Bado ninaamini nilichokifundisha. Ninaamini kwamba mtaa hauwezi kusimama juu ya hiari peke yake. Ila sijui tena kama nina haki ya kukisema.

Leo asubuhi nilikwenda, mvua ikinyesha. Ngazi za Bi Time zimesimama wima kama za mnara, na nilipofika juu sikuwa na pumzi.

"Nani huyo anayehema?" aliuliza kutoka chumbani.

"Mimi, Bi Time."

"Wewe nani? Mie watu wanaopita ngazini kwangu nnawajua kwa miguu yao. Huyu simjui."

"Salma."

"Aa! Mwalimu! Raya, mtolee mgeni kiti kile kizuri. Mwulize na pasipoti."

Alikuwa kitandani, kanga begani, miguu ameifunika. Amekonda. Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa utaratibu tangu alfajiri, yakanipotea yote.

"Shoga, boriti hazikuoza," nilisema.

"Nnajua."

"Unajua?"

"Makame alikuja kunywa maji kwangu siku ile ile. Kakaa hapo ulipokaa, anajifuta jasho. Kanambia, 'Bi Time, boriti zile zitatuzika sote.'"

"Na miaka mitatu hukunambia?"

"Nikwambie nini? Nlijua umechoka nami. Nlingoja unambie. Ungenambia, Salma, ningepunguza. Mie kwani sijijui? Marehemu mwenyewe alikuwa akijitia usingizi nikianza." Akacheka peke yake. Kisha akasema, "Ungenambia tu."

Nilimwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kifurushi bila ya kukifungua. Nikamgeukia Raya, aliyekuwa mlangoni na kisu na kitunguu, nikamwomba radhi na yeye kwa maneno ya jana.

"Yamepita, Mwalimu," alisema Raya.

"Hayajapita," alisema Bi Time. "Jana huyu kakata kitunguu kimoja, machozi ya gunia zima."

"Bibi!"

"Nyamaza, nnasema na mwenzangu." Akanitazama mimi, na safari hii hakuwa akitania. "Ulimsema mbele ya watu. Radhi unamtaka chumbani?"

Nikamgeukia tena Raya, nikamwambia radhi hiyo nitaitaka mbele ya wale wale.

Basi nimeahidi, na ninaandika hapa ili nisipate pa kurudi nyuma. Jumamosi nitasimama mbele ya wale wote na kulieleza wikio, matofali, Makame na uongo wangu, kwa mpangilio. Nitawaambia kwamba hoja ya Raya ilistahili jibu, na kwamba jibu sikuwa nalo. Atakayeona hafai tena kuja kwangu, hatasemwa.

Nilipokuwa ninaondoka nilimwambia Bi Time kwamba Makame atakuja Jumanne kubomoa.

"Abomoe," alisema. "Ukuta wenyewe mbaya. Nikikaa huku nnauona."

"Na Alhamisi? Utabaki?"

Aliivuta kanga yake, akatazama dirishani, kule maji yalikokuwa yakichuruzika.

"Hilo, shoga, langu."

Nilikuwa na maneno mengi. Kwamba mtu wa mjini hang'olewi akapandwa shamba uzeeni. Kwamba majirani wana haki. Kwamba kuondoka kwake kutauvunja mtaa. Yote ni ya kweli, na yote ningeweza kuyatolea mifano. Nikayameza, nikashuka ngazi nikishika ukuta.

Jumanne mlango utafunguka. Alhamisi asubuhi gari la mwanawe Bi Time litakuja, na litaondoka naye au bila yeye. Baina ya siku hizo mbili nitakaa kimya nisubiri uamuzi wa mtu mwingine, kazi ambayo katika umri wangu wote sijapata kujifunza.