Mtoto wa Ivuna

Jumatatu, 1 Juni 1998
Uji. Vidonge. Kifua kile kile. Nambeye ameleta chumvi kutoka Ivuna. Atakaa kwa bintiye hapa Tunduma mpaka aiuze yote. Kama kawaida, ameniachia kopo moja la bure. Alikuwa akiimba nyimbo zake za kuchemshia chumvi, alizotunga mwenyewe. Niligeukia ukutani.

Alhamisi, 4 Juni
Niliandike jambo hili kabla sijafa. Baba yake Nambeye alikuwa Mskoti, mwalimu wa misheni. Aliondoka kabla Nambeye hajazaliwa. Mwaka 1986 barua ilifika shuleni nilikofundisha, kule Ivuna, kutoka mji wa pwani huko Uskoti. Iliandikwa na dada wa yule mwalimu, kikongwe. Aliuliza: je, mtoto wa kaka yangu aliishi? Babu yetu ni mshairi mashuhuri, mji umemjengea sanamu.

Mashairi yake nilikaririshwa kwa fimbo, nikayapenda hivyo hivyo. Maisha yangu yote nilitaka kuandika kama yeye. Sikupata hata ubeti mmoja wa maana. Kumbe damu yake iko kwa mama asiyejua kusoma, mchemsha chumvi.

Nilijibu kwamba mtoto alikufa mchanga.

Wivu. Sina jina jingine.

Jumapili, 7 Juni
Mchungaji kaniletea meza ya Bwana kitandani. Nimeikataa, nikisingizia tumbo. Uongo mwingine.

Jumanne, 9 Juni
Nimemwambia Nambeye yote. Nilingoja matusi. Aliuliza tu kama huyo shangazi bado yu hai. Nikasema hata wakati ule alikuwa mzee sana.

"Basi alinililia kama mfu, Mwalimu. Na mimi niko hapa, nakuletea chumvi."

Akaondoka.

Jumatano, 10 Juni
Hakuja. Kopo liko mezani. Sijaligusa.

Ijumaa, 12 Juni
Amerudi. Hakuketi. Ametaka niandike kwa Kiingereza, kwa yeyote wa ukoo aliyebaki katika mji ule. Salamu kwanza. Kisha: mtoto aliishi, ana watoto watano, hutunga nyimbo. Imechukua asubuhi nzima. Nimemsomea mara mbili kwa Kiswahili.

Ameikunja, akasema anaipeleka kwanza kwa nesi wa zahanati, naye amsomee.

Ana haki.

Nimemwona dirishani akivuka barabara kati ya malori, barua kaishika kwa mikono miwili. Hakuwa akiimba.