Vidonge vya Bibi Sheikha

Alawiya, uko? Kaa kitako kwanza.

Nimetoka kung'olewa gego la mwisho, daktari kanipa vidonge vya kupunguza uvimbe ili taya lisikaze. Bibi Sheikha kaviona, kaanza kulia!

Yeye alipasuliwa gego mwaka sitini na mbili, akiwa mwari huko Likoni. Akapewa dawa kama hii, mamake ndiye akimmezesha asubuhi na jioni. Taya likazidi kukaza, hata kijiko hakipiti.

Siku ya tatu mashahidi wa ndoa wakaja, wakasimama nyuma ya pazia. "Sheikha, waridhia kuolewa na Hamoud?" Mara tatu, Alawiya! Yeye ataka kukataa, mdomo haufunguki. Atikisa kichwa, nani amuone? Na mamake kamshika mikono. Wakasema, "Mwari akinyamaza ameridhia."

Mamake mzazi, wallahi!

Baada ya nikahi akavikuta vidonge vyake vyote kwenye kijaluba cha mamake. Alikuwa akimezeshwa dawa ya kichwa tu. Mamake akamwambia, "Nilijua utakataa."

Na huyo Hamoud ndiye babu yangu.

Taya lilifunguka siku ya tano. Neno la kwanza kumtoka likawa "Sitaki." Pilau ilikuwa ishaliwa.