Nilimsingizia Ndanu kwa Sababu ya Namba

Mpendwa Mshauri, naomba msaada kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu hapa Kawangware, hata mume wangu Maurice, na tangu tumzike mdogo wangu Sella miezi miwili iliyopita sina amani. Niliishia darasa la tatu kule Bungoma, Kiswahili nasoma na kuandika, lakini namba za simu hapa Nairobi kila mtu anazitaja kwa Kiingereza, na mimi fifti na fiftini nazisikia kama kitu kimoja, na wakisema dabo, yaani tarakimu moja mara mbili, ndiyo napotea kabisa, kwa hivyo nimezoea kuitikia tu kama mtu aliyeelewa.

Siku Sella alipozidiwa, jirani yake wa mtaa wa Laini Saba anayeitwa Ndanu alinipigia, akasema wanamhamisha hospitali na bado haijulikani ni ipi, nichukue namba ya nesi anayeenda naye, haraka, simu yake mwenyewe inaisha chaji. Akaitaja mbio mbio, dabo foo, fiftini, halafu akauliza, "Umepata?" Nilikuwa saluni nasuka mteja, wasichana wote wananiangalia, nikaona aibu, nikajibu, "Nimepata." Nilipopiga akashika mwanamume nisiyemjua, nikabadilisha hapa na pale, nikapiga mpaka jioni, simu ya Ndanu imezima, na kesho yake Sella akafa, na baadaye nesi akasema Sella alikuwa akiniulizia.

Kwenye matanga kaka yetu Nyongesa akaniuliza mbele ya watu, "Wewe ulikuwa wapi?" nami nikasema Ndanu alinipa namba mbaya. Ndanu alikuwa pale pale anaosha vyombo. Akasema, "Mimi? Si niliisoma kwa karatasi ya nesi?" Nyongesa akamfukuza, naye akaweka sufuria chini akaenda zake, na huyo ndiye aliyemwogesha na kumlisha Sella wiki tatu. Nikisema ukweli nitaonekana mjinga na muongo. Nifanye nini?

Nasipwondi, Kawangware

Nasipwondi, pole sana kwa kumpoteza Sella. Kutosikia fiftini si dhambi, na wako wengi mjini hapa wanaoitikia namba wasizozielewa. Lakini ulichofanya matangani ni jambo lingine, na usilifunike kwa darasa la tatu. Ulijua Ndanu hana kosa, ukamwacha afukuzwe.

Mwambie Maurice leo. Kisha nenda Laini Saba, peke yako, na usianze na habari za Kiingereza. Anza na, "Nilikusingizia." Akikufungia mlango, usimlaumu, rudi siku nyingine. Baada ya hapo mwombe Nyongesa awaite wale wale waliokusikia, useme mbele yao kwa kinywa chako, si kwa ujumbe wa simu. Watakasirika. Vumilia.

Kuhusu namba, mtu akikutajia sema, "Taja pole pole, moja moja, kwa Kiswahili," halafu umsomee ulichoandika. Anza hapo hapo saluni. Wasichana wakicheka, wacha wacheke, kisha umwombe mmoja akufundishe hizo fifti na fiftini.

Na siku Ndanu atakapokukaribisha ndani, kaa chini umuulize Sella alikuwa akisema nini wiki zile tatu. Hakuna mwingine wa kukuambia.