Kiini Kilichokaa Pembeni

Kiuu, Ruiru
Ijumaa, 14 Februari 2025

Kwa dada yangu mpendwa Dianah,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Makongeni, na kwamba kile kikohozi kimekuachilia. Mimi sijambo. Leo nimejiahidi kukueleza yote bila kuruka neno, ndiyo maana sikupiga simu.

Biolojia ya mwaka wa kwanza hapa chuoni ni tamu kuliko nilivyotarajia. Ukiinama juu ya hadubini, kelele za barabara kuu hupotea, ukabaki peke yako katika mwanga mweupe, kama mtu aliyeamkia ndani ya wingu.

Jumanne tulichora seli za ngozi ya kitunguu. Nilichora ulivyonifundisha darasani kwako: penseli iliyochongeka, mistari isiyokatizana, kiini katikati. Kui, mwenzangu wa mezani, alinitania kwamba mimi ni mashine ya fotokopi. Mwalimu wetu, Dkt. Githae, aliusifu mchoro, kisha akaniomba nimwonyeshe ile seli. Alitazama kwa muda mrefu, akasema hadubini yangu imelenga kiputo cha hewa. Akaniuliza, basi nilikuwa nimechora nini?

Kui alinikanyaga mguu, akininong'oneza niseme slaidi imesogea. Sikuweza.

"Sikuona chochote, daktari," nikamwambia. "Nilichora ile ya dada yangu."

Alinipa sifuri, lakini akaniruhusu kurudia leo asubuhi. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha ukungu ukafunguka taratibu, zikaja: seli ndefu, zimepinda, zimebanana, rangi ya chai nyepesi kwa sababu ya iodini, na kiini kimesukumwa pembeni kabisa, karibu na ukuta. Machozi yalinilenga, sijui kwa nini. Nikazichora hivyo hivyo zilivyopinda.

Sasa naungama, dada. Kwa siku tatu nilikukasirikia, nikiona ulinifundisha uongo. Leo, jicho likiwa bado kwenye lenzi, nikakumbuka kwamba shule yetu haikuwa na hadubini hata moja. Ulituchorea ubaoni kwa chaki, bila kitabu, kwa utulivu wa mtu anayetazama kitu kilicho mbele yake. Hasira ikaniisha, nikaona haya.

Dkt. Githae ameniruhusu kuja na mgeni maabarani Ijumaa ijayo. Msalimie mama, na wanafunzi wako wote.

Tafadhali nijibu mara tu uipatapo barua hii: wewe mwenyewe, dada, umewahi kuiona seli?

Mdogo wako akupendaye,
Mbula